Faru ni Mali Yetu, Tumlinde Wenyewe

(Maneno aliyoyasema mwenezi mmoja wa chama mbele ya wananchi wa Morogoro)



Leo sitasema habari za kodi wala za uchaguzi. Nataka kusema habari za faru. Wazee wa Kisaki na Mvuha walimjua kwa nyayo zake. Sisi tuliokaribia miaka 30 wengi wetu twamjua kwa sura yake katika noti ya shilingi 5,000. Kila siku twapokezana faru sokoni, na porini haonekani. Je, hili si jambo la kufikiri?

HESABU YAKE

Mto Mgeta washuka kutoka milima yetu ya Uluguru mpaka tambarare ya Kisaki. Kusini yake ndiko lilikoanzia pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ya kaskazini ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Katika miaka ya 1970 faru wa Selous walikadiriwa kuwa kiasi cha 3,000. Hata kufika miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache mno, wamejificha vichakani. Katika Afrika nzima faru weusi walikuwa kama 65,000 mwaka 1970. Mwaka 1995 hawakufika 2,500. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Waliuawa kwa ajili ya pembe. Huko Yemen ilichongwa mipini ya majambia. Huko Asia ya Mashariki ilisagwa kuwa dawa. Na pembe hiyo, ndugu zangu, ni kitu kile kile kilichofanya kucha na nywele. Anayeitaka dawa hiyo na atafune kucha zake!

Faru jike huchukua mimba miezi kama 15, akazaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Bunduki huua kwa dakika moja. Tena wakibaki wachache, huyu huku na yule kule, dume na jike hawakutani, nao watakwisha hata bila risasi.

NANI MHARIBIFU?

Wako wasemao ati Mwafrika ndiye mharibifu wa wanyama. Basi na wakumbuke Makueni, Kenya. Kati ya mwaka 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter, akifanya kazi ya serikali ya kikoloni, aliua faru karibu 1,000 ili ardhi ifunguliwe kwa kilimo. Lakini tusijifiche nyuma ya mkoloni. Risasi za miaka ya 1970 na 1980 ziliongozwa na watu wetu: mmoja alionyesha njia, mwingine alibeba, wengine walinyamaza. Tajiri wa mbali alipata utajiri. Aliyeonyesha njia alipata fedha kidogo na kifungo.

Najua mtaniuliza: tembo wala mahindi yetu, na wanyama ni wa serikali na watalii, sisi twapata nini? Swali hilo ni la haki. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliyakataa matuta ya mpango wa kikoloni wa ardhi ya Uluguru. Hawakuichukia ardhi yao. Walichukia kulazimishwa bila kusikilizwa. Kwa hiyo wakubwa nao wasikie: kifuta jasho na kifuta machozi visicheleweshwe, na vijiji vya Ukutu vilivyoungana katika JUKUMU visomewe hesabu zao waziwazi.

TUMAINI LIPO

Mwezi Septemba 1961, kabla hata ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza pale Arusha kwamba wanyama pori ni amana yetu. Mwaka 1989 Operesheni Uhai iliwapiga majangili pigo kubwa. Faru waliletwa Mkomazi na Serengeti kutoka Afrika Kusini. Katika Ngorongoro faru Fausta aliishi mpaka miaka 57, akafa Desemba 2019. Na faru wa Tanzania, waliokuwa 162 mwaka 2015, walitajwa kufika 190 mwaka 2019. Basi wakilindwa huzaana.

Kazi yetu ni hii. Asiwepo wa kumwonyesha jangili njia, wala wa kumpa malazi. Mgeni asiyeeleweka aripotiwe serikali ya kijiji na askari wa wanyama pori. Mitego ya waya iondolewe. Walimu wawafundishe watoto, na wazee wawasimulie walichokiona.

Yuko ndege mdogo akaaye mgongoni mwa faru, wenyewe twamwita askari wa kifaru. Faru macho yake ni dhaifu. Ndege huyu amwonapo mtu hupiga kelele, na faru akajiokoa. Hana bunduki wala cheo, ana sauti tu. Sisi nasi sauti tunayo. Tusinyamaze.