Macho ya Manjano, Akili Inayopotea: Homa Kali ya Ini Aina B katika Hospitali za Ngara na Biharamulo

Waganga na wauguzi wenzangu,

Akiletwa mtu aliyepoteza fahamu katika wilaya zetu, sote tunawaza malaria kali kwanza, na tuna haki. Ombi langu leo ni moja: kipimo cha malaria kikisoma chanya kwa mtu mzima mwenye macho ya manjano, tusiache kutafuta. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kuwa na vimelea kwenye damu huku kinachomuua ni ini.

Homa ya ini aina B kwa mtu mzima mara nyingi hupita yenyewe. Takribani 95 kati ya 100 wanaoambukizwa ukubwani hupona. Wachache sana, chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100, ini lao hufa ghafla. Kinachoangamiza ini hapo ni kinga ya mwili, inayoshambulia kwa ukali usio na kipimo kila seli iliyobeba kirusi. Matokeo yake ni hatari kwetu tunaotegemea kipimo cha haraka cha antijeni ya kirusi hicho: kinga hiyo kali huweza kuwa imekwisha kuisafisha antijeni katika damu, kipimo kikasoma hasi na mgonjwa yuko mahututi. Kinachosaidia hapo ni kipimo cha kingamwili za IgM dhidi ya kiini cha kirusi, kinachohitaji maabara kubwa. Basi hasi ya zahanati isitutulize.

Dalili ya kwanza ya ubongo kuguswa mara nyingi huonwa na ndugu kabla yetu. Mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, anakasirikia watoto bila sababu, anasahau njia ya chooni. Tumuulize ndugu huyo kwa Kihangaza, Kisubi au Kirundi, lugha anayoweza kueleza nayo yote, na tumsikilize hadi mwisho. Kisha mgonjwa anyooshe mikono mbele na kuinua viganja. Vikipigapiga vyenyewe, amonia ambayo ini lilipaswa kuiondoa imeanza kuufikia ubongo. Kutoka hapo hadi kuzimia pengine ni siku, pengine ni saa tu. Ubongo huvimba, na huo uvimbe huua.

Sukari ipimwe mara moja, na irudiwe kila baada ya saa moja au mbili, usiku pia. Ini lililokufa halina akiba ya kutoa, na kwinini ikiongezwa sukari hushuka zaidi. Nasisitiza hili kuliko yote kwa sababu kifaa cha kupimia na dripu ya glukosi ni vitu vilivyo ndani ya uwezo wetu. Damu nayo ipimwe kuganda: mililita mbili katika chupa safi kavu ya kioo, isitikiswe kwa dakika 20. Isipoganda, mgonjwa huyo anahitaji rufaa. Akihangaika kitandani tusimpe diazepamu ili atulie, maana ini haliwezi kuiondoa na tutakuwa tumemzimisha wenyewe. Parasetamoli na dawa za mizizi zisimamishwe. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30. Tenofoviri inayotumika katika kliniki za VVU hukizuia pia kirusi hiki, na daktari anaweza kuianza akiangalia figo, baada ya kumpima mgonjwa VVU.

Rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, iandikwe akili inapoanza kuyumba, angali anaongea. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, lakini safari kutoka Ngara kupitia Geita bado ni ndefu, na mgonjwa asisafirishwe bila glukosi na muuguzi.

Biharamulo inajua kwa nini naongeza lifuatalo. Tarehe 20 Januari 2025 mlipuko wa Marburg, homa ya virusi inayoweza kumtoa mgonjwa damu, ulitangazwa wilayani humo, ukaisha Machi. Mwenye ini lililoshindwa naye huweza kutoka damu puani na kwenye fizi. Anapofika na homa na damu, atengwe, tuvae kinga, taarifa itolewe, sampuli ichukuliwe. Glukosi yake isisubiri majibu ya maabara.

Sisi wenyewe je? Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu humu hatukuipata utotoni. Sindano yenye damu ya mgonjwa ikimchoma asiyechanjwa, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia asilimia 30. Kirusi huishi siku saba na zaidi kwenye damu iliyokauka mezani. Halmashauri zetu zitenge fungu la kuwachanja watumishi wote, wafagiaji na wafuaji wa hospitali wakiwemo; hao ndio wanaosahaulika.

Na wa nyumbani kwa mgonjwa tusiwaache. Kirusi hukaa mwezi mmoja hadi sita kabla ya dalili, hivyo mwenzi wake apimwe siku ileile ya kulazwa, na asiye na maambukizi wala kinga aanzishiwe chanjo kabla hajarudi kijijini.