Neno "Yes" na Hatari Zake: Kiingereza cha Msafiri

Maneno yaliyosemwa na kundi la masomo ya Jumamosi mbele ya mkutano wa wanachama, Moba



Komite ilituomba tuseme kidogo juu ya Kiingereza cha safari. Sababu munaijua. Wengi wetu tulikimbia ng'ambo ya ziwa, tukaishi Kala na Mwange, nchi ya Zambia. Tulirudi kwa meli, wengine ndani ya Liemba kutoka Mpulungu. Lakini njia haikufungwa. Mpaka leo tunavuka kwa biashara, kwa matibabu, na kuona ndugu waliobaki kule. Sokoni Mpulungu utapata mtu wa Kiswahili, na wengi wetu tunasikia Kibemba. Lakini kwenye dirisha la imigrasioni, hospitalini na mbele ya polisi, karatasi iko ya Kiingereza.

Wazee wanatuambia: "Kiingereza tunakijua, tulikisikia kambini." Ni kweli. Tunajua "queue", tunajua "ration", tunajua "next". Lakini kile kilikuwa Kiingereza cha kupokea. Mwenye kupokea haulizwi mengi. Anasema "yes", anasema "thank you", anabeba unga wake anaenda. Msafiri yeye anaulizwa, na jibu lake linaandikwa.

Tuwape habari ya mama mmoja wetu. Alivuka na mjukuu wake mwenye homa kali. Kule kwenye kituo cha afya muganga akamuuliza: "You have not given her any medicine today?" Mama alielewa kila neno. Akajibu: "Yes."

Kwetu hilo ni jibu zuri kabisa. "Hujamupa dawa leo?" "Ndiyo, sijamupa." Lakini muganga alisikia kitu kingine: ndiyo, nimempa. Akaandika kwamba mtoto amekwisha kunywa dawa, akawaambia wangoje mpaka jioni. Mchana mtoto akaanza kutetemeka mwili wote. Bahati, kijana aliyekuwa akifagia pale alijua Kiswahili. Ndiye aliyeuliza tena, na karatasi ikarekebishwa. Mtoto alipona, leo anasoma. Lakini mama bado anasema: "Nilijibu yes juu ile maneno yake ilikuwa ya kweli."

Ndugu zetu, hapo ndipo shimo lilipo. Sisi tukisema "ndiyo", tunamjibu mtu: umesema kweli. Mwingereza akisema "yes", anajibu jambo lenyewe: limefanyika. Kama halikufanyika, anasema "no", hata kama muulizaji amesema sawasawa. Kwa hiyo "Hukulipa?" sisi tunajibu "Ndiyo, sikulipa", na Kiingereza kinajibu "No, I did not pay."

Kanuni yetu ni moja, na tunaomba muishike: usiache "yes" peke yake wala "no" peke yake. Tia jambo lenyewe nyuma yake. "No medicine today." "I did not pay." "I have paid, here is the receipt." Hata ukikosea kichwa cha jibu, mkia wake utakuokoa.

Na kama hukuelewa? Usicheke, usitikise kichwa. Sisi tulio na adabu ya kutomuchosha mukubwa tunaona haya kuuliza mara mbili. Ile haya ni ghali. Shikeni sentensi tatu hizi:

"Sorry, I did not understand." Tamka: sori, ai didi noti andastendi.

"Please speak slowly." Tamka: plizi, spiki sloli.

"Please write it for me." Tamka: plizi, raiti iti fo mi.

Hii ya tatu ni ya thamani sana kwenye bei. "Fifteen" ni 15, "fifty" ni 50, na ndani ya kelele ya bandari zinafanana kama mapacha. Muombe mtu aandike, ao aonyeshe kwenye simu. Na ninyi mulioondoka Zambia kabla ya 2013, kumbukeni kwamba tangu tarehe 1 Januari mwaka ule kwacha ilipunguzwa sufuri tatu. Ile iliyokuwa elfu hamsini leo ni hamsini tu. Ukisikia "fifty" usifurahi ukadhani ni bure.

Sasa tuseme na wale waliosoma Kifaransa. Mutajifunza mbio, lakini Kifaransa kina mitego yake. "Demander" ni kuomba. Ukifika dirishani ukasema "I demand a visa", wewe umeomba kwa adabu, lakini yeye amesikia mtu anayedai kwa nguvu. Sema: "I would like to ask for a visa, please." Vilevile "I want" na "give me" si matusi, ila zinasikika kama amri. Sisi tuko na "naomba" inayolainisha kila kitu. Kwa Kiingereza kazi ya "naomba" inafanywa na "May I have", na "please" mwishoni: "May I have some water, please?"

Tena kule, kama huku, mtu hafikii swali bila salamu. "Good morning, how are you?" Ngoja ajibu. Ndipo uulize: "Where is the bus for Kasama, please?"

Saa nazo zimeacha watu njiani. Kijana mmoja aliambiwa basi linaondoka "seven". Yeye akafika saa saba mchana, akakuta vumbi. "Seven" ya asubuhi ni saa moja yetu. Ukitaka kujua, tazama uso wa saa: namba ya Kiingereza inaangaliana na namba ya Kiswahili upande wa pili. Saba na moja, nane na mbili, tisa na tatu. Waliosoma Kifaransa hapa wako na bahati, juu "sept heures" ni "seven o'clock" ile ile. Uliza kila mara: "Seven in the morning?" Saa ya Moba na saa ya Mpulungu ni moja, ila ukienda Kigoma, kule wametutangulia saa moja.

Neno lingine la kuchunga ni "work". Kwetu mwenye kuuza samaki yuko kazini, na mwenye kulima yuko kazini. Imigrasioni wakikuuliza sababu ya safari, ukijibu "work", wao wanasikia mtu anayetafuta kuajiriwa, na watakuomba kibali cha kazi. Sema ukweli kwa neno lake. Mfanyabiashara aseme "I buy and sell." Aliyekwenda kuona ndugu aseme "I am visiting my sister." Mgonjwa aseme "I am going to the hospital." Neno sahihi si njia ya kumdanganya mtu, ni njia ya kufanya ukweli wako usikike.

Na kwa ugonjwa, hata asiyetaka kujifunza kitu kingine ashike haya. "It hurts here", huku unaweka kidole mahali. "Since Monday", kusema tangu Jumatatu. "She is pregnant", kama mama ana mimba. Hili lisemwe kabla ya dawa yoyote. Na swali la mwisho kabla ya kutoka: "How many times a day?" Kisha rudia jibu mbele ya muganga mwenyewe, ukihesabu kwa vidole. Hakuna muganga mwema atakayekasirika.

Wapenzi wanachama, hakuna anayejifunza haya kwa kusikiliza mara moja. Vijana wetu waliosoma shule za kule kambini wanayajua, na wanakaa nyumba moja na ninyi. Usiku, mukingoja chakula, mwambie mtoto akuulize: "You have not eaten?" Nawe ujibu: "No, I have not eaten." Mucheke pamoja. Ni afadhali kukosea jikoni kuliko kukosea dirishani.

Kwenu wafadhili, hatuombi kitu kikubwa. Masomo yanaendelea kila Jumamosi chini ya muembe, na wenye kufundisha hawalipwi. Kinachokosekana ni chaki, madaftari, na saa moja kubwa ya ukutani ya kufundishia. Yule mama mwenyewe anakaa mstari wa mbele. Juma lililopita tulimuuliza: "You are not tired?" Akajibu kwa sauti iliyofika barabarani: "No, I am not tired!"