Kuanza kazi ya mwamuzi katika mechi za sekondari

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu, wanafunzi wa humanite na vijana wa mtaa waliokubali kuchezesha mechi za shule, Kalemie, jimbo la Tanganyika

 

Mnajua kwa nini tumewaita. Tangu mwaka 2013 jimbo letu limeona Watwa na Waluba wakichomeana vijiji, na watu wengi wakakimbilia mjini. Mwezi wa pili mwaka 2017 viongozi walikaa hapa hapa Kalemie kutafuta amani. Leo watoto wa pande zote wanakaa benchi moja la shule. Lakini siku ya mechi, timu inaingia na jina la shule, na watu walio pembeni ya kiwanja wanaiita kwa jina la kabila. Katikati ya hao wote anasimama mtu mmoja mwenye filimbi, na mara nyingi ni kijana wa miaka 18 au 20. Mtu huyo ndiye ninyi.

Tusidhani ni mchezo tu. Septemba 2008 kule Butembo, Kivu ya Kaskazini, mechi ilivurugika kwa sababu ya tuhuma za uchawi uwanjani. Ugomvi ulianza, polisi wakaingia, watu wakakanyagana, na zaidi ya kumi wakafa. Wengi wao walikuwa vijana.

Kuna mashirika yanayochezesha mpira bila mwamuzi, wachezaji wakiamua makosa wenyewe. Ni njia nzuri kwa watoto wadogo, hatuipingi. Ila shule zinataka mshindi, na panapotakiwa mshindi lazima awepo mtu wa kubeba lawama.

Sasa mwanzo wenyewe. Sheria za soka ni 17. Hakuna anayezimeza zote kwa wiki moja. Mtaanza na bendera pembeni mwa mstari, kwa hiyo someni kwanza Sheria ya 11, ile ya kuotea, kisha ya 12, ya makosa na kadi, kisha ya 5 inayoeleza mamlaka ya mwamuzi. Msitegemee mliyojifunza utotoni, kwa maana sheria zinabadilika. Tangu 2019, kwa mfano, mpira wa goli unaweza kupokelewa na mwenzake ndani ya eneo la penalti, na bado tunaona waamuzi wakiurudisha. Vifaa ni vichache: filimbi, saa, kadi mbili, kalamu na karatasi. Sarafu ya kurusha ni taabu, franka zetu zote ni noti. Wengine hutumia sarafu ya shilingi iliyovuka ziwa kutoka Kigoma. Kifuniko cha chupa kinafaa pia, mradi manahodha wote wawili wamekitazama pande zote.

Lililo gumu zaidi ni kuaminika kabla ya kupuliza filimbi. Watu hawaangalii tu penalti uliyotoa. Wanaangalia ulikula kwa nani mchana, ulikuja na pikipiki ya nani, mama yako ni wa kijiji gani. Ndiyo maana tumekubaliana na maprefe mambo haya. Waamuzi watatu wa mechi hawatoki upande mmoja. Majina yao yanapelekwa kwa shule zote mbili siku tatu kabla, na mwenye pingamizi aseme wakati huo, si baada ya kufungwa. Pesa ya usafiri inatolewa sawasawa na shule zote mbili, nanyi mnaipokea kabla ya mechi, manahodha wakiona. Ikilipwa baadaye, aliyeshindwa huanza kuhesabu makosa yako badala ya franka. Na chakula cha mwenyeji, hata kikinukia vipi, kisubiri mpaka mechi iishe.

Mmoja wenu alituuliza asubuhi: kama mdogo wangu anacheza? Usiichukue mechi hiyo. Akiwa ni mtoto wa binamu ya shangazi, basi hapa kwetu hatutapata mwamuzi hata mmoja. Useme wazi mapema, na shule ziamue.

Jambo lingine linalowatia hofu wanafunzi ni walimu. Tangu 2019 mwalimu aliye kwenye benchi la timu anaweza kuonyeshwa kadi, ya njano au nyekundu, kama mchezaji. Kwa mila zetu, kijana kumwinulia mkubwa kadi usoni ni kama kumtukana. Maprefe wameelezwa, na walimu walioko hapa wamekubali mbele yenu. Lakini kuna namna. Kwanza nenda hadi benchi, usimwite kwa kidole. Sema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, tafadhali rudi ukae.” Akirudia, kadi itoke bila hasira na bila hotuba. Ukimwacha kwa sababu ya umri wake, wanafunzi wake watajua tangu dakika hiyo kwamba sheria ina watu wake.

Wala usijaribu kusoma moyo wa mchezaji. Wazee wanakumbuka Kombe la Dunia la 1974, Zaire ikicheza na Brazil. Wabrazil walipata adhabu, na kabla hawajaipiga, Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, alitoka ukutani akaupiga mpira mbali. Dunia ilicheka ikisema hajui sheria. Baadaye alieleza kwamba aliijua vizuri, alikuwa analalamika juu ya pesa ambazo wachezaji hawakulipwa. Mwamuzi, Nicolae Rainea wa Romania, hakuyajua hayo na hakuwa na haja ya kuyajua. Alitoa kadi ya njano, adhabu ikapigwa tena. Sababu za mchezaji zisikilizwe baada ya mechi, na huko sisi wa shirika tutakuwepo.

Kuhusu watazamaji, kamba ifungwe hatua tatu kutoka mstarini, na upande mmoja wa watu usijazane nyuma ya goli la wenzao. Mawe yakianza kurushwa, simamisha mchezo na uwaite manahodha katikati. Watu wasipotulia, Sheria ya 5 inakuruhusu kuvunja mechi. Ukiivunja, usitangaze mshindi. Andika dakika, matokeo na ulichokiona kwa macho yako, uipeleke karatasi kwa kamati ya mashindano. Wao ndio wataamua. Ukitamka jina la mshindi pale kiwanjani, hutafika nyumbani kwa amani.

Kwa akina dada: Salima Mukansanga wa Rwanda alipenda kwanza mpira wa kikapu, kisha akashika filimbi ya soka. Tarehe 18 Januari 2022, huko Kamerun, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Kombe la Afrika la wanaume. Tunajua jinsi jina la jirani huyo linavyosikika siku hizi hapa kwetu. Alivyochezesha, alichezesha vizuri, na sisi tunataka watatu kati yenu washike bendera muhula huu.

Kesho saa mbili asubuhi tukutane kiwanjani, kila mtu na viatu vya kukimbilia. Tutaanza kwa kupima hatua kumi za ukuta, ambazo ni mita 9 na sentimita 15, na kila mmoja atapuliza filimbi mbele ya wenzake mpaka isikike hadi barabarani. Wenye bendera za zamani wazilete, tunazo nne tu.