Simu ya Mama na Grupu la Harusi

Msikilizaji, ukiuliza namna ya kumkinga mtoto na tovuti chafu, jibu la kwanza utakalopewa ni Family Link. Programu hiyo ya Google ni nzuri, tena ni ya bure. Unamfungulia mtoto akaunti, halafu ukiwa na simu yako unaamua afungue nini, asifungue nini, na simu yake ijifunge saa ngapi. Tatizo ni kwamba inamhusu mtoto mwenye simu yake. Hapa Tanzania, mtoto wa darasa la nne kwa kawaida hana simu. Ana simu ya mama. Anaiomba jioni, mama anasukuma chapati. "Mama, naomba nicheze gemu." Mama mikono imejaa unga, anamtajia namba ya siri kwa sauti, na majirani nao wanaisikia.

Simu ya namna hiyo inataka kinga isiyojali nani ameishika. Ipo, na wengi wetu tunatembea nayo mfukoni bila kujua. Kama simu yako ni Android ya toleo la 9 au la juu zaidi, ingia kwenye mipangilio, upande wa mtandao, utafute palipoandikwa Private DNS. Chukua kalamu. Utaandika hivi, herufi ndogo tupu, bila kuacha nafasi: family, nukta, cloudflare, kistari, dns, nukta, com. Hifadhi. Basi. Hulipi kitu, na inafanya kazi ukiwa kwenye bando au Wi-Fi ya jirani.

Kinachotokea ni hiki. Simu haijui tovuti ilipo, inajua jina tu, kwa hiyo kila mara inauliza kwanza. Ni kama mgeni anayefika kwa balozi wa nyumba kumi kuulizia nyumba ya fulani. Ulichofanya ni kumbadilisha balozi. Huyu mpya, akiulizwa nyumba za uchafu, anajibu hakuna mtu wa jina hilo mtaani kwetu. Kampuni ya Cloudflare ilianzisha huduma hii mwaka 2020. Wenye iPhone, nendeni kwenye Screen Time, mzuie tovuti za watu wazima, na mweke namba ya siri ambayo haitatajwa jikoni.

Kijana wa sekondari anayejua VPN ataikwepa kinga hii, tusidanganyane. Lakini wa miaka 9 mara nyingi hatafuti uchafu. Anakosea herufi moja akitafuta katuni, au anabonyeza tangazo. Huyo atakingwa.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Mtoto huyohuyo, tovuti chafu zimefungwa, atafungua sehemu ya picha kwenye simu ya mama aangalie picha za bethidei yake. Na hapo hakuna balozi wa kuulizwa. WhatsApp, usipoigusa, ikipata Wi-Fi inajipakulia yenyewe picha na video zinazotumwa, na kwenye Android inazichanganya na picha zako za nyumbani. Video iliyorushwa saa sita usiku kwenye grupu la kamati ya harusi, ikafuatiwa na "samahani wapendwa, imekosea njia", asubuhi imekaa jirani na picha ya keki.

Kwa hiyo ukishamaliza ile DNS, ingia WhatsApp, kwenye mipangilio ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja, wa bando na wa Wi-Fi. Kisha kwenye mipangilio ya gumzo uzime ile ya kuonyesha picha na video kwenye matunzio ya simu. Bando nalo litakushukuru. Yaliyokwisha kuingia yafute mwenyewe, leo, kabla hujamkabidhi mtu simu.

Na ukigundua mtoto ameshaona, mwulize kwa upole ameona nini na nani alimwonyesha. Akipigwa, mara ya pili hatasema. Kama kuna mtu mzima anayemtumia picha chafu au kumwomba atume zake, namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure.

Tunapenda kuilaumu intaneti kana kwamba imeingia nyumbani kwa kuvunja mlango. Sehemu kubwa ya uchafu huu tunatumiana sisi wenyewe, watu wazima wenye akili zetu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia. Admini wa grupu anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote na anaweza kumtoa. Kwa nini hafanyi? Kwa sababu aliyetuma ni mjomba, na mjomba ameahidi laki mbili za ukumbi. Mimi nasema mjomba aambiwe, tena mchana, kwenye grupu hilohilo, hata kama ahadi yenyewe hajaitimiza.