Nani Kampiga?

Msikilizaji, mwaka 2005 kilitoka nchini Sweden kitabu cha Stieg Larsson, mwandishi wa habari aliyetumia miaka mingi kuwachunguza wafuasi wa siasa za ubaguzi. Jina la kitabu hicho kwa Kiswidi, tukilileta kwetu, ni Wanaume Wanaochukia Wanawake. Kilipofika kwa Waingereza kikabatizwa upya: Msichana Mwenye Tatuu ya Joka. Wanaume wakaondolewa jaladani. Larsson hakuwepo kulitetea jina la kitabu chake. Moyo ulimsimama Novemba 2004, akiwa na miaka 50, kabla ya nakala ya kwanza kuchapishwa.

Kuondolewa huku kwa wanaume kunanikaa rohoni kwa sababu kazi yangu ni kusoma habari. "Mwanamke auawa." "Binti abakwa." Nimevisoma vichwa hivyo kwa sauti hii hii unayoisikia, na kila mara mtendaji anabaki nje ya sentensi.

Larsson anamrudisha ndani. Katika riwaya zake tatu tunamfuata Lisbeth Salander. Baba yake ni jasusi wa Kisovieti aliyeasi akakimbilia Sweden, na kundi la siri ndani ya idara ya usalama linamlinda kama hazina. Jasusi huyo anampiga mama yake Lisbeth hadi ubongo unaharibika. Lisbeth, mwenye miaka 12, anammwagia baba petroli na kumwasha moto. Sasa sikiliza kinachofuata: anayefungiwa ni mtoto. Anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, daktari anaandika kwamba ni mwendawazimu, jalada linafungwa. Ngumi za baba hazimo. Kwa wakubwa wa kundi lile, mwanamke kupigwa ni mambo ya ndani ya nyumba. Jasusi ndiye mali ya taifa.

Hata Lisbeth akiwa mtu mzima, bado fedha zake zinashikwa na wakili aliyeteuliwa na mahakama. Anakwenda kuomba hela yake mwenyewe anunue kompyuta, na wakili anadai mwili wake kwanza. Kurasa hizo ni nzito, na kwa maoni yangu Larsson anakawia mno kwenye ukatili wenyewe. Lakini kinachotisha zaidi ni ile saini, muhuri, na ofisi yenye heshima.

Kila sehemu ya kitabu cha kwanza inafunguliwa kwa takwimu. Mojawapo: asilimia 92 ya wanawake wa Sweden waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakuripoti polisi tukio la karibuni. Wangeripoti kwa nani, ikiwa wakili na daktari ndio wale wale wanaowaumiza?

Wiki iliyopita nililetewa habari ya mstari mmoja: mwanamke ajeruhiwa vibaya. Niliirudisha mezani kwa mhariri nikauliza, nani kamjeruhi? Jibu lilikuwepo tangu mwanzo, kwenye taarifa ya polisi, mstari wa nne. Mumewe.