Kabati Likikataa Kuondoka

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo karibu kila mmoja wetu ameifanya au amemlipa mtu aifanye: kusukuma kabati zito sakafuni.

Unalisukuma kwa nguvu ya kilo 10, halitikisiki. Unaongeza hadi 20, bado limetulia. Tunasema kabati limekataa. Hasa anayekataa ni sakafu. Ukisukuma kwa 10, msuguano kati ya sakafu na miguu ya kabati nao hurudisha 10. Ukitia 20, hurudisha 20, bila kupunguza wala kuzidisha. Lakini jibu hilo lina kikomo. Tuseme kikomo ni 40. Ukizidisha kidogo tu, kabati linang'oka.

Hapo ndipo penye hatari. Kitu kikishang'oka, msuguano hupungua, katika mfano wetu tuseme hadi 30. Wewe ungali unasukuma kwa 40 na ushei. Ile ziada ya 10 inalirusha kabati mbele. Wa nyuma anapepesuka, na wa mbele anabanwa vidole ukutani. Nimewasikia mabosi wakisema makuli ni wazembe. Mimi nasema, bosi naye avue koti asukume.

Mambo haya yalichunguzwa zamani. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kuwa msuguano huongezeka kadiri mzigo unavyozidi uzito. Kwa hiyo toa nguo na vyombo kabatini kwanza. Kuna watu huona uvivu, wakaja kulipia mgongo. Mwenzake Charles-Augustin de Coulomb, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1785, alitenganisha msuguano wa kitu kilichotulia na ule wa kitu kinachokwenda. Tena aliona kuwa mbao zikikaa zimegusana kwa muda, hushikana zaidi. Basi mama anayesema kabati lake limeota mizizi hajasema uongo mkubwa.

Wamisri wa kale nao walikuwa na ujanja wao. Katika kaburi la Djehutihotep umechorwa umati wa watu wakikokota sanamu kubwa iliyowekwa juu ya chombo cha mbao kisicho na magurudumu, na mtu mmoja anamwaga maji mbele yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima jambo hilo: mchanga ukilowa kwa kiasi, nguvu ya kukokota hupungua hadi nusu. Maji yakizidi, faida hiyo hutoweka.

Nyumbani usimwage maji. Tia gunia au blanketi kuukuu chini ya miguu ya kabati. Sukumeni chini ya katikati ili lisipinduke, mkiongeza nguvu polepole, na mara linapong'oka mlegeze mikono. Na yule aliyesimama kati ya kabati na ukuta, mwiteni atoke kabla hamjahesabu moja, mbili, tatu.