Pumzi za Usiku kwa Wenye Maradhi ya Misuli

Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ya misuli, nami nimeona afadhali niyaache yaliyo mashuhuri, kama kulemaa miguu na kupinda uti wa mgongo, nishike lile ambalo aghalabu hutupita kwa kuwa hutukia nyumba nzima imelala.

Mtu avutapo pumzi, kazi kubwa hufanywa na kiwambo, msuli mpana utengao kifua na tumbo, kikisaidiwa na misuli ya mbavu na shingo. Lakini katika ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi, wasaidizi hao hulegea kwa maumbile, na kiwambo kikiwa kimedhoofika, pumzi huwa fupi na hewa ya ukaa hujilimbikiza katika damu hata alfajiri. Ndipo kijana mwenye maradhi ya misuli yaitwayo Duchenne, ambayo aghalabu huwapata watoto wa kiume, huamka kichwa kinamgonga, staftahi haitaki, na chuoni akisinzia huambiwa mvivu. Akizidi kushtuka usiku, husemwa ana jinamizi, akasomewa. Mimi siwakatazi wazee wetu kisomo. Nawaomba tu, huku wakisoma, watazame tumbo la mtoto, kwani likiingia ndani avutapo pumzi badala ya kutoka, kiwambo kimeshindwa, na tabibu aelezwe hilo kwa maneno hayo hayo.

Wala si watoto pekee. Ng'ambo ya kisiwa chetu cha Mombasa, katika karakana za Bombolulu zilizoanzishwa mwaka 1969, wamefanya kazi mafundi waliolemazwa na polio. Na aliyeugua polio utotoni huweza kurudiwa na udhaifu baada ya miaka mingi, hata wa kifua, basi mtu mzima wa namna hiyo asiyeweza tena kulala ila kwa kupandanisha mito, asiseme ni uzee.

Dawa kubwa ya udhaifu huu wa pumzi ni mashine ndogo ya kusukuma hewa kwa kinyago, kwa nguvu zaidi wakati wa kuvuta pumzi na kwa nguvu haba wakati wa kuitoa. Fikra hii ya kusukuma hewa mapafuni ilipata sifa Copenhagen mwaka 1952, polio ilipotapakaa, tabibu Bjørn Ibsen akawafanya wanafunzi wa udaktari wapokezane usiku na mchana kuminya mifuko ya hewa kwa mikono. Oksijeni peke yake siyo badala ya mashine: yaweza kuinua kipimo cha oksijeni cha kidoleni, jamaa wakafurahi, na hali hewa ya ukaa yazidi kupanda mpaka mgonjwa asiamke. Dawa za usingizi nazo ni hatari vivyo hivyo.

Kwetu Mji wa Kale yako mashaka yetu wenyewe. Joto la kaskazi hutoa jasho, kinyago kikateleza na hewa ikavuja, kwa hiyo uso ukaushwe na kinyago kioshwe kila siku. Stima hupotea, basi betri iwepo, na mfuko wa kuminya kwa mkono utundikwe karibu na kitanda, na wawili nyumbani wafunzwe kuutumia. Vichochoro vya nyuma ya barabara ya Ndia Kuu havipitishi gari la wagonjwa, na ngazi zetu za mbao ni za wima. Mgonjwa alazwe ghorofa ya chini, ijulikane mapema ni vijana gani watakaombeba hadi barabarani, na mkononi mwao iwemo barua ya tabibu wake isemayo kwamba huyu asipewe oksijeni bila mashine yake, ambayo nayo ichukuliwe pamoja naye mpaka hospitali ya Makadara.